Sauti ya Advera Ndani ya Nyumba ya Flavia

— Jirani, hebu punguza huo muziki. Huyo anayeimba si Advera?

Flavia aliacha kukoroga maharage. Mwanahawa, jirani yake wa ukuta mmoja, alikuwa amesimama mlangoni na kibakuli kitupu cha kutilia chumvi aliyokuja kuomba, amekikodolea macho kispika kilichofungwa juu ya kabati la vyombo.

— Advera gani?

— Kwani wako wangapi? Marehemu. Mke wa kwanza wa mumeo. Ile sauti nani asiyeijua mtaa huu? Kwaya yao ikifanya mazoezi, hata sisi Waislamu tulikuwa tunaacha kuchambua mchele tumsikilize.

Mwanahawa akashtukia alichokisema. Akaziba mdomo.

— Nisamehe, jirani. Nilidhani unajua.

Akaondoka haraka, na chumvi yenyewe akaisahau.

Flavia hakujua. Kwa muda mrefu alikuwa akimwona mumewe, Eustace, mwenye duka la kutengeneza kompyuta pale Kanyenye, akirudi nyumbani na maboksi ya CD. Kila jioni anakaa kwenye ile kompyuta ya zamani pembeni ya sebule, anatumbukiza CD, anasubiri programu iinyonye nyimbo, anatoa, anatumbukiza nyingine. Flavia alipouliza alijibiwa:

— Kazi ya mteja. Hataki CD zimharibikie, anataka nyimbo zote zikae kwenye kompyuta.

Kisha Eustace akafunga spika tatu, moja sebuleni, moja jikoni, moja chumbani kwao, akaziunganisha na waifai ya nyumba. Akasema, "Na sisi tufaidi, mke wangu. Unachagua wimbo kwenye simu, unausikia chumba chochote." Flavia alifurahi mno. Alimpigia hadi dada yake aliyeko Kaliua kumtambia.

Sasa alichukua simu, akampigia mumewe.

— Eustace, nina swali. Mteja wako anaitwa nani?

— Mteja gani?

— Mwenye CD.

Ilisikika mashine ya kutoa kopi tu, ikitapika karatasi kule dukani.

— Flavia, nitakueleza nikirudi.

— Nieleze sasa hivi. Maana marehemu mkeo anaimba jikoni kwangu, na aliyenitambulisha ni jirani!

— Sikiliza, sijawasha mimi...

— Kwa hiyo amejiwasha mwenyewe? Umenidanganya muda wote huu, jioni zote unakaa naye pale kwenye kona, mimi nakuletea chai nikijua mume wangu anatafuta riziki!

— Mke wangu, si hivyo unavyofikiri.

Flavia akakata simu. Akaingia chumbani, na humo pia sauti ilikuwepo. Laini, ya juu, bila ngoma wala kinanda. Mwanamke peke yake, akiimba juu ya kitanda alicholala Flavia kila siku.

Ndipo hasira ikampanda kichwani.

Alienda sebuleni, akakaa mbele ya kompyuta. Alikuwa amemwona Eustace akiitumia mara nyingi, hakuhitaji kufundishwa. Akaona folda imeandikwa ADVERA. Akaibonyeza, akachagua kufuta. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika, maana kikifutwa hakitarudi.

— Nina hakika, akasema kwa sauti, kana kwamba aliulizwa na mtu.

Nyumba ikanyamaza.

Mlango wa chumba cha uani ukafunguliwa. Akatoka Mbula, binti wa Eustace, mtoto wa darasa la tatu. Mkononi ameshika simu ya zamani ya baba yake.

— Mama mdogo, mama amekatika.

— Nani amekatika?

— Mama. Alikuwa anaimba, amekatika katikati. Mtandao umeisha?

Flavia aliinuka kwenye kiti.

— Mbula... wewe ndiye uliyewasha?

— Ndiyo. Baba alisema nikitaka kumsikia niwashe. Nilimwomba mimi. Shuleni tuliambiwa tuseme sauti tunayoipenda nyumbani, wenzangu wakasema ya mama zao. Mimi ya kwangu siikumbuki. Alikufa mimi nikiwa mdogo.

Mtoto alisogea karibu, akaangalia kioo cha kompyuta.

— Utairudisha?

Flavia akachukua simu, akampigia tena Eustace, akamwambia alichokifuta.

Eustace alifika akihema. Hakusalimia. Alikaa kwenye kompyuta mpaka maharage yakaungua jikoni na hakuna aliyejali. Nyimbo za kwaya nzima zilikuwa na nafuu, CD zake zipo, angezirudia. Shida ilikuwa moja. Advera peke yake, siku ya mazoezi, alirekodiwa na mwalimu wa kwaya kwenye CD ambayo ilikuwa imekwaruzika vibaya. Eustace aliiosha kwa sabuni, akaipangusa kwa pamba, na kompyuta ikahangaika nayo kutwa nzima ndipo ikakubali. Safari hii ilizunguka kidogo, ikalia, ikatemwa nje. Akaitia tena. Ikatemwa. Akajaribu kufufua kilichofutwa. Kilichorudi ni mkwaruzo mtupu.

— Eustace, sikujua kwamba mtoto...

— Advera alikufa mara moja, Eustace akasema bila kugeuka. Leo umemuua mara ya pili.

Maneno yale yalimpiga Flavia kuliko kofi.

— Na mimi? Mimi niliye hai umenifanyaje? Ungesema tu, "Mke wangu, mtoto anataka kumsikia mama yake." Ningekaa hapo kando yako nikupe CD moja moja mkononi! Lakini uliniona mimi nani? Mchawi? Hasidi wa maiti?

— Niliogopa.

— Uliogopa nini?

Usiku ule Eustace alilala kwenye kochi.

Asubuhi ya Jumapili, kabla Eustace hajaamka, Flavia alimpigia Tobias, mwalimu wa kwaya.

— Shikamoo mwalimu.

— Marahaba, mama Mbula. Habari za nyumbani?

— Si nzuri. Ile CD uliyomrekodi Advera peke yake, kuna nakala nyingine?

— Nilitoa mbili. Moja ya Eustace. Ya pili nilimpa mama yake mzazi, yule wa Kigwa. Lakini mama, yule mzee... utaenda wewe?

— Nitaenda mimi.

Flavia alifika Kigwa jua limeshachomoza vizuri. Mama yake Advera alikuwa kibarazani anabangua karanga, mwanamke mkavu, mwenye macho yasiyopepesa.

— Shikamoo mama.

— Marahaba. Wewe nani?

— Naitwa Flavia. Mke wa Eustace.

Karanga iliyokuwa mkononi haikubanguliwa.

— Ahaa. Ndiye wewe uliyelala kitandani kwa mwanangu. Sasa umekuja kuchukua nini? Vyombo vyake nilishavigawa.

— Sijaja kuchukua, mama. Nimekuja kuomba. Niliifuta sauti ya Advera kwenye kompyuta. Kwa wivu. Na CD ya nyumbani haisomi tena. Mbula analia.

Njiani alikuwa amepanga kusema uongo, kwamba mashine imeharibika. Mbele ya yale macho uongo haukutoka.

Mzee aliinuka bila neno, akaingia ndani. Flavia akasikia redio ikibonyezwa, redio kubwa ya CD inayotumia umeme wa sola. Sauti ikatoka dirishani. Ile ile.

— Hii ndiyo ninayoamkia, mama akasema kutoka ndani. Huwa inaruka sehemu moja ikarudi mwanzo, lakini yupo. Sikupi.

— Mama, tutainakili tu na kuirudisha...

— Sikupi! Tangu mlipofunga ndoa, mjukuu wangu sijamtia machoni. Nimezika mtoto, na mjukuu mkanizikia akiwa hai. Leo unakuja kutaka na hiki kilichobaki? Anayetaka kumsikia Advera amlete Mbula hapa asikie hapa. Na baba yake aje kwa miguu yake mwenyewe.

Flavia alishangaa. Mara nyingi alimuuliza mumewe kwa nini hawaendi Kigwa, akajibiwa kwamba wale watu hawataki kumwona. Akaandika ujumbe:

"Niko Kigwa kwa mama yake Advera. CD ya pili ipo, hataki itoke. Anamtaka Mbula, na wewe. Njoo na kompyuta."

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa fupi:

"Nitamtazamaje usoni?"

Flavia akajibu:

"Kama ninavyomtazama mimi."

Walifika alasiri. Mbula alishuka kwenye gari kwanza, akasimama, asijue amsalimieje yule bibi. Bibi naye alimtazama miguu, akamtazama paji la uso, halafu ule ukavu wote ukavunjika. Akapiga magoti mavumbini, akamvuta mtoto kifuani.

Eustace alibaki amesimama na begi la kompyuta begani.

— Shikamoo mama.

— Marahaba. Nani alikuambia nimekufukuza?

— Hakuna, mama.

— Sasa?

— Niliona aibu. Nilioa mapema. Watu walisema kaburi halijakauka. Nikaogopa kukuletea mtoto nikiwa na mwanamke mwingine nyumbani. Kila nilivyochelewa ndivyo nilivyozidi kuogopa. Na huyu naye nikamficha, nikamwambia ninyi ndio hamtutaki.

Hakumtazama bibi aliposema hayo ya mwisho. Alimtazama Flavia.

— Mwoga mkubwa, bibi akasema. Haya, ingia, fanya ulichokuja kufanya.

Kompyuta iliwekwa juu ya meza ya chakula. Bibi aliitoa CD kwenye redio yeye mwenyewe, akaishika kwa ncha za vidole, na ilibidi Flavia ampokee kwa mikono miwili. Mashine ikaanza kuisoma. Mstari wa kijani ukasogea, ukasogea, ukafika pale redio inaporuka, ukasimama. CD ikaanza kuguna ndani.

— Inakwama, Mbula akanong'ona.

— Mtu asiguse, Eustace akasema. Inarudia kusoma pale penye mkwaruzo. Ipeni muda.

Ikaguna tena. Bibi alikuwa amefumba macho. Flavia aligundua kuwa ameushika mkono wa mumewe, hajui tangu saa ngapi, na kwamba Eustace naye amembana kwa nguvu.

Mstari ukasogea. Ukafika mwisho.

Eustace akabonyeza, na Advera akaimba mle ndani, tangu mwanzo, bila kuruka. Wimbo ulipoisha yakafuata maneno ambayo redio ya bibi haikuwahi kuyafikia kwa ule ubovu wake: "Mwalimu, nimekosea ubeti, jamani!" na kicheko kirefu cha kukwaruza.

Mbula akacheka. Bibi akaruka kwenye kiti.

— Mmesikia? Ni kile kile! Mtoto anacheka kile kile!

Flavia alitoka nje, kwa sababu hakutaka walio ndani wamwone akilia. Eustace alimfuata.

— Lile neno la jana, akaanza.

— La kuua?

— Nilirudishe vipi?

— Halirudi, Eustace. Kama nilivyofuta mimi. Lakini usiniongezee lingine, na usinifiche kitu tena.

— Sitakuficha. Na tukifika nyumbani naing'oa ile spika ya chumbani.

— Usiing'oe. Sebuleni na jikoni aimbe, ni nyumba ya mwanawe, nami nitamzoea. Chumbani tutasikiliza wimbo wetu.

— Upi?

Flavia akacheka kwa uchungu.

— Hatuna. Ndiyo shida yetu hiyo. Tumeoana, tunakula, tunalala, wimbo wetu hata mmoja hatuna.

Eustace aliinamisha kichwa. Treni ya mizigo ilikuwa inapita upande wa stesheni, akangoja ipite yote. Halafu akaanza kuimba, taratibu, ule wimbo ambao shangazi zake Flavia waliuimba kule Kaliua siku ya harusi yao, wakimtoa bibi harusi nje. Alikosea maneno ya Kinyamwezi, sauti ikapanda palipotakiwa kushuka.

— Unaimba vibaya, Flavia akasema.

— Najua.

— Na hapo umekosea. Maana yake ni "bibi harusi, usigeuke nyuma." Wewe umesema "usigeuke mbuzi."

— Sasa nifundishe.

Flavia akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akamsogelea, akaanza upya ubeti wa kwanza.