Helmeti Kumi na Moja za Kingstanding

Saa kumi na moja na dakika arobaini, jioni ya Alhamisi, marehemu kumi na mmoja walipatikana kwenye rafu ya stoo ya kanisa, Kingstanding. Walikuwa weusi, wanang'aa, wamepangwa kwa adabu kama wanakwaya wanaosubiri kuitwa. Hawakuwa watu. Walikuwa helmeti, zile kofia ngumu za kutelezea thelujini, na kila moja ilikuwa imekatwa mikanda yote miwili, kidole kimoja chini ya sikio. Klipu za kufungia kidevuni hazikuonekana popote.

Ya kumi na mbili ilikuwa hai. Ilikuwa ya rangi ya chungwa lililooza, mikanda yake mizima, na ndani yake mtu alikuwa ameandika jina kwa kalamu nene: KENDI.

Hapo kesi ikafungwa kabla ya kufunguliwa.

Kendi alikuwa na miaka kumi na sita. Alikuwa ameletwa Birmingham mwaka mmoja uliopita kutoka shule ya bweni huko Meru, mahali ambapo uji mwepesi na viranja wazito vilikuwa vimeinoa akili yake ikawa kama wembe. Rekodi yake haikuwa safi. Krismasi alikuwa ameficha saa ya kengele ndani ya mimbari na kuitegesha ilie dakika ya thelathini ya mahubiri. Ililia. Wapo waumini waliomlaani hadharani na kumshukuru kimoyomoyo.

"Nani mwingine?" aliuliza Walter, mwenyekiti wa kamati ya safari, aliyevaa tai hata alipoendesha gari lake la kukusanya vyuma na taka za viwandani. "Kumi na moja zimechinjwa, moja imepona. Ya nani? Ya mtoto wa saa ya mimbarini!"

"Anko Walter, mimi nikifanya utundu huwa watu wanacheka," Kendi alisema. "Hapa nani amecheka?"

"Nyamaza!" Hiyo ilikuwa sauti ya mama yake, Magdalene, muuguzi, aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu. "Sanduku liko juu ya kabati, Kendi. Nguo zako nyepesi nimeshaanza kuzipanga humo tangu Krismasi. Nikithibitisha ni wewe, Jumapili unarudi Meru kwa mjomba wako. Huko utachekesha ng'ombe."

Ng'ombe wa mjomba hawakuwa na ucheshi.

Basi lilitakiwa kuondoka Jumamosi alfajiri kwenda milima ya Uskoti, na vijana kumi na wawili wa kanisa. Walter ndiye aliyejitolea kununua helmeti kwa bei ambayo wazazi hawakuamini masikio yao. Kendi peke yake alikuwa amekosa saizi. Kichwa chake kilikuwa kikubwa kuliko zote, jambo ambalo kamati ililipokea bila mshangao, na akaambiwa ajitafutie yake.

"Mi nilisema," alidakia Mama Goretti, mshonaji kutoka Bukavu, ambaye pia alifagia ukumbi kila Alhamisi asubuhi. "Tangu mwanzo nilisema batoto wasiende kuteleza kwenye barafu kama samaki sokoni. Mungu amekata hiyo safari!"

"Kwa mkasi, mama?" Kendi aliuliza kwa upole wa kinafiki.

Macho yote yakahamia kwenye mfuko wa ushonaji uliokuwa begani mwa Mama Goretti.

"Ati mi?" Alichomoa mkasi wake mkubwa kwa hasira hata Walter akarudi nyuma hatua mbili. "Angalia! Angalia muzuri, weye mtoto bila haya!" Akakata kipande cha kitambaa. Ukingo ulitoka na meno meno kama msumeno, kwa maana ulikuwa mkasi wa kuzuia nyuzi zisifumuke.

Kendi akainua helmeti moja. Mkanda ulikuwa umekatwa mara moja tu, ukingo ulionyooka kama rula. Akainusa. Ilinuka rangi ya kupuliza.

"Hizi ni mpya, Anko?"

"Nilizitoa kwenye maboksi yake kwa mikono yangu hii miwili!" Walter aliinyoosha mikono hiyo mbele ya watu wote. "Zikinukia kiwanda!"

Kendi aliitazama. Kwenye mzizi wa kucha ya kidole gumba cha kulia palikuwa na weusi ambao sabuni ilikuwa imeshindwa kuung'oa.

"Funguo za stoo ziko tatu," Walter aliendelea. "Mimi, Mama Goretti, na Valère mpiga ngoma. Helmeti nilizileta Jumanne jioni. Jumatano saa sita mchana huyu msichana aliazima ufunguo wangu, eti anaweka helmeti yake. Alasiri Valère alifanya mazoezi ya ngoma. Leo asubuhi mama amefagia. Basi. Na mimi najua aliyemtuma! Yule Muhindi wa Hockley aliyenitukana Jumanne kwa sababu sikununua kwake. Ndiye aliyemuuzia hii chungwa!"

Valère, kijana mrefu Mkongo aliyesimama karibu na mlango, aliukumbatia mkoba wake wa ngoma. Alitazama rafu kama mtu anayetazama kaburi analolijua.

Iliamuliwa kwamba baraza la wazee lingekaa Ijumaa saa kumi na mbili jioni kumhukumu. Kendi akaomba ruhusa ya kwenda msalani. Alirudi na mkoba ulionenepa kidogo.

*

Ijumaa, saa nne na robo asubuhi, Kendi alisukuma mlango wa duka la vifaa vya theluji la Gurnam, kati ya karakana mbili za masonara kule Hockley. Gurnam alikuwa Kalasinga aliyezaliwa Kisumu. Aliondoka huko akiwa kijana, lakini Kiswahili chake, na hasira zake, alikuwa amevibeba vyote.

"Wewe tena? Mimi hapana rudisha pesa!"

"Sijaja kurudisha, Mzee Gurnam. Nimekuja kushtakiwa pamoja na wewe."

Alimweleza. Gurnam alimlaani Walter kwa lugha tatu, kisha akatulia. Wiki iliyotangulia alikuwa amemfundisha Kendi somo zima bure, kwa sauti ya mtu anayefokea mbuzi. Bei rahisi si dhambi, alisema, dhambi ni ujinga. Usilipie jina la kampuni, wala rangi ya msimu huu. Chukua ile mbaya ya mwaka juzi ambayo hakuna mtu anaitaka, kichwa hakijui rangi. Tafuta stika ya usalama ndani na tarehe ya kutengenezwa. Ivae, tikisa kichwa: ngozi ya paji la uso isogee pamoja nayo, bila kuumiza. Na usinunue ya mtumba hata ukipewa na askofu, maana povu gumu la ndani hufa kwa pigo moja, na maiti yake hupendeza vilevile.

Kendi aliweka helmeti nyeusi juu ya kaunta. Ndani yake palikuwa na karatasi iliyobandikwa: MARLÈNE.

Gurnam aliishika mikanda, akaipima kwa kidole, akaguna.

"Nani amezika huyu?"

"Kuzika?"

"Hii si uharibifu, mtoto. Hii ni mazishi. Duka la kukodisha, helmeti ikianguka vibaya ama ikizeeka, kabla ya kutupa lazima kata mikanda. Pande zote mbili, chini ya sikio, mtu asiokote akavaa. Klipu unatoa, unaweka akiba. Mimi nimefanya miaka ishirini." Alichukua kisu kidogo akakwaruza mgongo wa helmeti. Chini ya weusi kukatokea bluu, na juu ya bluu namba nyeupe: 47. Akabandua mto wa ndani. Kwenye povu kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, kutoka utosini hadi kisogoni.

Kendi alikuwa amekuja kuokoa shingo yake, na sasa alikuwa anatazama kichwa cha Marlène, bintiye Mama Goretti, mwenye miaka kumi na mmoja, aliyekuwa akifanya mazoezi ya kuanguka kwenye godoro tangu Januari.

"Kwa hiyo aliyekata hakuiacha yangu kwa kunipenda," alisema polepole. "Aliiacha kwa sababu ndiyo peke yake iliyo nzima."

"Sasa umeanza kufikiri," alisema Gurnam. "Toka dukani, unazuia wateja."

Hapakuwa na mteja yeyote.

*

Saa tisa alasiri Kendi alimkuta Valère akikaza ngoma ukumbini. Siku za kazi Valère alikodisha vifaa katika jumba moja la kutelezea theluji ya kutengenezwa, nje ya mji.

"Kaka Valère, mkanda wa helmeti iliyokufa hukatwa wapi?"

Ufunguo wa ngoma ulimponyoka mkononi.

"Usinitafutie shida, Kendi. Mi iko na kazi moja tu."

"Mimi nina sanduku moja tu, na liko juu ya kabati."

"Bon, sawa. Kila mutu na mzigo yake." Akageuka. Kendi alitamani kumrushia kijiti cha ngoma. Hakumrushia. Alichukua tu nyundo ya mbao ya kupigilia vigingi vya hema, iliyokuwa kwenye kona, akaenda zake.

*

Saa kumi na mbili kamili wazee wa baraza walikaa, wazazi wakajaa nyuma yao, na helmeti zote zikapangwa mezani kama vidhibiti. Walter alisimama kusoma mashtaka.

"Kabla hujasoma, Anko," Kendi alisema, "naomba uvae hii." Alimnyooshea namba 47 kwa mkono wa kushoto. Kulia alishika nyundo. "Halafu nikugonge mara moja. Taratibu, kama mtoto aliyeanguka."

"Mnaona! Kichaa!"

"Ni mpya. Inanukia kiwanda. Unaogopa nini?"

Walter hakuivaa. Watu wakaona kwamba hakuivaa.

Kendi akaigeuza, akaonyesha bluu, namba na ufa. Kisha akachukua kisu cha kukatia keki za ubatizo akakwaruza ya pili, namba 12, na ya tatu, namba 60. "Hizi zilikuwa za kukodisha. Zimepigwa, zimetupwa, zimepakwa rangi, na rangi yenyewe hula ganda lake. Jana ulisema ulizitoa kwenye maboksi kwa mikono yako miwili. Maboksi ya wapi, Anko? Na dole gumba lako lina rangi gani?"

Walter aliificha mikono yake nyuma. Alipogundua amefanya hivyo, aliitoa tena, na hilo likawa baya zaidi.

"Hata kama!" alifoka. "Hujajibu nani amekata!"

"Funguo tatu. Wewe usingekata, ulikuwa umeshazilipisha. Mama Goretti mkasi wake una meno, na asingejua ipi nzima ipi mfu. Angekata zote kumi na mbili, yangu kwanza."

"Kweli," alisema Mama Goretti.

"Anabaki mtu ambaye kukata ni kazi yake."

Hakumtaja. Alitazama sakafu, akangoja, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi alimwomba Mungu kitu kwa dhati.

Mkoba wa ngoma ulifunguliwa zipu. Valère alikuja mbele akamimina mezani klipu kumi na moja.

"Ni mi," alisema. "Mwezi wa kwanza mukasi ya kazi ilivunjika, nami nilikuwa nakimbilia basi. Nikazitupa kwenye kizimba cha taka bila kukata. Nikasema, nani ataokota? Kumbe ni Papa Walter, yeye njo anabeba ile taka. Jumatano nilienda stoo kutafuta kiti, nikaziona. Hata na rangi nilizitambua, nimeziosha miaka mbili. Nikamaliza kazi yenye niliacha."

"Na ukanyamaza, mtoto wa watu ashtakiwe!" Magdalene aliruka.

"Papa Walter ndiye aliniandikia barua ya kuniombea kazi, mama. Na mi njo nilikosa kwanza. Niliogopa."

"Kamati ilibana bajeti!" Walter alipaza sauti, tai imepinda. "Nyinyi wenyewe! Kila mkutano, punguza, punguza! Mlitaka rahisi, nikawapa rahisi! Na mwezi ujao mnachagua mzee wa kanisa, mlidhani nitasema nimeshindwa?"

"Na pesa yetu ya helmeti mpya, ulipeleka wapi?" mtu aliuliza. Walter alikunja karatasi ya mashtaka, akaitia mfukoni.

Mama Goretti aliinuka. Aliichukua helmeti yenye jina la binti yake, akapitisha kidole kwenye ufa, toka utosini hadi kisogoni. Kisha akamvalisha Walter kichwani kwa nguvu mpaka masikio yakajikunja.

"Tembea nayo," alisema. "Tembea nayo hivyo hivyo mpaka kwenye gari yako."

Alitembea nayo. Hakuna aliyemfungulia mlango. Valère alitoka nyuma yake, simu sikioni, akimweleza meneja wake habari ya Januari.

*

Gurnam alikuwa na helmeti kumi na moja nyingine za rangi ya chungwa lililooza, zilizomdodea miaka miwili. Kendi alipompigia simu, alizileta mwenyewe jioni ile, akawatikisa vijana vichwa mmoja mmoja huku akigomba, na akakataa katakata kuuza hata moja kwa mtu ambaye haikumkaa sawa kichwani.

Nyumbani, Kendi alimkuta mama yake amelishusha sanduku. Magdalene alikuwa anatoa nguo nyepesi moja baada ya nyingine na kuzitupa kitandani, uso umekunjwa vilevile.

"Mama, nimethibitisha si mimi."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi." Alisukuma ndani jozi nne za soksi za sufu. "Lete hiyo kofia."

Kendi akaileta. Mama yake alimvalisha, akamfunga klipu, akamshika kidevu kama anavyowashika wagonjwa wakorofi.

"Tikisa."

Kendi akatikisa. Ngozi ya paji la uso ikasogea pamoja nayo.

"Imekaa," alisema Magdalene, na akafunga sanduku. "Na hiyo saa ya kengele niliyoikuta ndani ya buti lako, inabaki hapa."