Shuka la Sabine na Ndagala za Mama Domitille

Kila Jumamosi asubuhi, wanafunzi wa shule moja ya bweni ya Uvira hushuka ziwani kufua. Wakimaliza, hutandaza nguo majanini, hujilaza kando yake na kuota ndoto za mchana kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana darasani.

Jumamosi ile Tanganyika ilitulia kama maziwa ndani ya kikombe. Ng'ambo, milima ya Burundi ilielea juu ya ukungu bila kugusa maji. Mchangani mchuuzi mmoja, Mama Domitille, alikuwa ameanika ndagala zake, samaki wadogo wasiohesabika, zikimetameta kana kwamba ziwa limesahau sehemu ya mwanga wake nchi kavu.

Sabine na Térence tu ndio hawakulala. Jumatatu wangeshindana katika mdahalo wa Mwalimu Félicien, anayefundisha maadili: nani aliyaweka maadili juu ya msingi bora, Konfusio wa China au Budha wa India?

"Konfusio," alisema Sabine, kidole juu kama askofu. "Wema, aliouita ren, huanza nyumbani. Unampenda mama yako, kisha jirani, kisha wengine. Kwa utaratibu!"

"Weye na utaratibu wako!" Térence alikuwa amekunja miguu na kufumba macho, akijizoeza utulivu. "Budha alifundisha huruma kwa kila kiumbe kinachoumia. Hata sisimizi."

"Hata Mama Domitille?"

Térence akafumbua jicho moja. Juzi mama huyo alimfukuza Sabine kwa ufagio, kwa kuwa alikatiza juu ya ndagala zake akiwa amevaa kandambili.

"Hata yeye," akasema, akalifumba tena.

Wingu jeusi likateremka kutoka milimani taratibu, likifuta rangi ziwani.

"Mvua iko inakuja!"

Wanafunzi wakanyakua nguo, wakakimbilia kibanda cha wavuvi kilichokuwa karibu. Sabine alilikumbatia shuka lake safi. Kutoka pale walimwona Mama Domitille peke yake, mtoto mgongoni, akizoa ndagala kwenye beseni. Kila mtu wa ufuo ule anajua: ndagala zikilowa kabla hazijakauka, huoza. Na hizo ndizo zilizokuwa mali yake yote.

"Masikini," alisema Térence kwa huruma kubwa, bila kusogea.

"Si ndugu yangu," alisema Sabine. "Konfusio..."

Hakumaliza. Mama Domitille alikuwa ametandaza kitenge chake juu ya fungu moja, kisha akapiga magoti na kulifunika kwa mwili wake, kama kuku juu ya vifaranga. Mtoto akalia. Kitu kikashtuka kifuani mwa Sabine, na miguu ikaondoka kabla hajaipa ruhusa.

"Mama, inuka! Tuziweke humu!" Akalitandaza shuka.

"Shuka ya kulalia? Itanuka samaki, mutoto!"

"Inuka tu! Térence! Weye na sisimizi wako, kuja hapa!"

Térence akaja mbio, na bweni zima nyuma yake. Hata Mwalimu Félicien, aliyekuwa akipita barabarani, aliutupa mwavuli wake akashika pembe ya shuka. Fungu moja lilisombwa na maji. Mengine yote yalifika kibandani.

"Aksanti, binti yangu," alisema Mama Domitille, akimshika Sabine mkono.

Térence alitetemeka kwa baridi. "Mwalimu, sasa nani ameshinda? Sabine alikimbia kwa ajili ya Konfusio au Budha?"

"Mwulize mwenyewe."

"Sikumkumbuka hata mmoja," alisema Sabine.

Mwalimu akacheka, maji yakimtiririka ndevuni. "Basi umewaelewa wote wawili. Konfusio alianzia kwa mama na jirani, Budha akaanzia kwa yeyote anayeumia. Njia zao ni mbili, lakini wote walijenga juu ya moyo unaoshtuka mwenzako anapoteseka. Huo ndio msingi, wanangu, na karibu kila mtu anao. Ila anayeshtuka kisha akabaki amekaa, ameweka msingi bila kujenga nyumba. Na mvua ikija, nani ataingia humo?"