Waya Uliofichwa kwa Utepe

Kila alipotoka shule, Chapuchapu alipitia karakana ya babu yake, akafagia vipande vya waya sakafuni, kisha akafanya kazi zake za shule kwenye kona ya meza yenye mafuta. Babu alikuwa fundi wa kusuka mota. Yeye ndiye aliyempa jina hilo, maana mtoto huyo hakujua kufanya jambo polepole.

"Unafagia au unawatekenya mchwa?" babu aliuliza siku hiyo. "Weka ufagio chini. Leo tunajenga antena."

Ya zamani ilikuwa imekatwa na tawi. Babu alikuwa na leseni ya redio ya mawasiliano, na kwa miaka mingi alizungumza hewani na rafiki wa mbali, mahali ambapo simu haishiki. Hawakuwahi kuonana. Alimwita Ngurumo kwa sababu ya kicheko chake. Sasa Ngurumo alikuwa na uvimbe kooni. Kesho yake angepasuliwa, na daktari hakumficha: sauti haitarudi. Walikuwa wameahidiana kuzungumza jioni hiyo, saa kumi na mbili.

"Tuna jozi tatu za waya," babu alieleza, "zote zinaanzia hapa katikati, penye kebo ya redio. Kila jozi ina urefu wake na masafa yake. Ile ndefu ndiyo inayofika kwa Ngurumo. Unapokata, zidisha kidogo. Waya mrefu hupunguzwa. Mfupi hauvutiki kama mpira."

Babu akaenda kusimamisha nguzo. Chapuchapu akapima, akakata mbiombio. Upande mmoja wa jozi ndefu akaukata kwenye alama ya jozi ya kati: badala ya mita kumi, tano. Akaokota kipande kilichokatika.

Waya ule ulikuwa wa kusukia mota, umepakwa vanishi inayozuia umeme. Kuuunga kunataka kukwangua vanishi kwanza, kisha kulehemu. Alijua hivyo, ila babu angemuuliza anakwangua nini. Akasokota tu ncha mbili, akazungushia utepe mweusi.

"Zote nzima?" babu aliuliza akizipandisha juu.

"Nzima, babu."

Walipojaribu, jozi fupi zilikubali. Ile ndefu ilikataa; redio ikajipunguzia yenyewe nguvu ya kutuma sauti, isije ikaungua.

"Waya ni mzima, mjukuu wangu kasema," babu alinong'ona. "Basi ubovu uko kwingine."

Akafungua kiungo cha katikati. Akabadilisha kebo. Akafungua na redio, jasho likimdondokea mikononi. Chapuchapu alimshikia tochi.

Saa kumi na mbili sauti ikatoka kwenye spika, nyembamba, imezama kwenye makelele.

"Mzee mwenzangu, nakuita. Upo?"

Babu akanyakua kipaza sauti. "Nipo! Ngurumo, nipo hapa!"

"Upo? Sikusikii... Haya. Labda umeshikwa na kazi. Nilitaka nikuchekeshe kidogo kabla hawajanikata. Basi, kwaheri, bwana."

"Nipo!" babu alipiga kelele. Spika ikabaki kuchakacha.

Chapuchapu akaangua kilio. "Babu, niliukata vibaya. Niliunga bila kukwangua."

Babu hakumpiga wala hakumkaripia. Alikaa kwenye kigoda, akatazama mikono yake.

Asubuhi waliuteremsha waya. Chapuchapu alikwangua hadi shaba ikang'aa, babu akalehemu. Jozi ndefu ikakubali.

Wiki kadhaa zilipita kabla Ngurumo hajarudi hewani. Sasa alipiga milio mifupi na mirefu, kwa alfabeti ya simu za maandishi za zamani. Babu alimsomea mjukuu wake herufi moja moja: "Ulikuwa wapi siku ile?"

Babu akamjibu kwa milio hiyohiyo, akamweleza yote. Kisha akazima redio.

"Kukata vibaya si ajabu," alisema. "Nilikata vibaya kabla mama yako hajazaliwa. Ungeniambia, tungemaliza chai haijapoa. Lakini ulisema nzima, nikakuamini, nikatafuta kila mahali isipokuwa pale. Uongo humpoteza kwanza yule anayekuamini."

"Nisamehe, babu."

"Nilishakusamehe. Ila ile sauti aliyoniita nayo, sitaweza kuijibu tena."