Mikate Ipo, Plagi Haiingii

Mama Mikate alipakia trei ya mwisho, akatazama chaji ya bajaji yake ya umeme. Robo tu. Na leo hospitali imeagiza mikate maradufu. Mpishi wa kule hana masihara: ukichelewa mara tatu, kazi anapewa mwingine. Yeye alishachelewa mara mbili.

Kituo cha kuchajia kipo palepale kona. Lakini plagi ya bajaji hii haiingii kwenye mashine zake. Yeye na mumewe waliinunua kwa bei poa, wala hawakuuliza kwa nini ni rahisi hivyo.

"Tulia, mke wangu," alisema mumewe. Mtaani anaitwa Baba Waya, na hakuitwa hivyo bure. Nyumbani, plagi isiyoingia anaikata kichwa, anafunga kingine kwa tepu, maisha yanaendelea. Ana kopo zima la vichwa vya plagi.

Wakafika kituoni. Akakata kichwa cha plagi, akafunga kingine kwa kuunga nyaya nene tu, akachomeka. Mashine ikawaka taa nyekundu.

"Inaringa," alisema. "Ngoja niunganishe na hizi nyembamba, itakubali tu."

"Shemeji, mkono chini."

Alikuwa jirani yao, fundi wa kituo. Akachomoa plagi.

"Hizo nyembamba ndizo za mazungumzo. Mashine inaiuliza betri: umejaa? Una joto? Ukiidanganya, itaendelea kusukuma umeme hata betri ikichemka. Hapo itawaka moto, mikate mtaiokea barabarani."

Baba Waya akaficha koleo mgongoni.

"Sasa nifanyeje, dada?" aliuliza Mama Mikate. "Wagonjwa wanangoja chai."

"Pakieni kwenye gari la kituo. Mikate kwanza."

Ikafika, dakika tatu kabla ya muda.

Waliporudi, fundi akaeleza. "Balbu unanunua duka lolote, inaingia. Watengenezaji walikubaliana kipimo kimoja. Bajaji hizi za umeme bado, kila kampuni na plagi yake. Mwambieni muuzaji awawekee plagi inayotumika vituoni, aifunge fundi aliyesomea. Na madereva wote muombe plagi ziwe za aina moja."

Muuzaji alizungushazungusha maneno. Madereva kumi na wanne wa bajaji kama hiyo walipokwenda pamoja, akabadilisha plagi. Siku hizi Mama Mikate anachaji pale kona huku akinywa chai, na hospitali imemwongezea mikate ya wodi mbili.

Juzi kaka mmoja wa Mama Mikate alikuja mbio. "Nimeona bajaji ya umeme, bei ya kutupa!"

Baba Waya akaweka kikombe chini.

"Plagi yake ya aina gani?"