Kaseti ya Tatu

Kila Ijumaa baada ya shule nilipitia kanisani kwetu Kathonzweni kumsaidia baba kupanga kaseti za kwaya. Baba yangu, Ndeti, alikuwa fundi wa cherehani pale sokoni. Kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri na subira nyingi, wanakwaya walimfanya mtunza kaseti. Kazi yangu ilikuwa kupangusa vumbi, kurudisha kanda mwanzo na kuandika daftarini yale aliyoniambia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, najiona mtu mzima.

Kabati la kaseti lilikuwa katika stoo ya matofali ya udongo nyuma ya kanisa. Mle ndani ndimo ilimokuwa sauti ya mama. Mama yangu, Nzilani, aliongoza nyimbo za kwaya kwa miaka tisa, mpaka homa ya mapafu ilipomchukua mwaka wa 1996. Picha tulikuwa nayo moja tu, ile ya kitambulisho, na haikufanana naye hata kidogo. Sauti ndiyo iliyofanana naye. Nyumbani hatukumzungumzia sana, kwani baba akianza alishindwa kumaliza. Tulipomkumbuka zaidi tulikwenda stoo, tukawasha redio.

Mwaka uliofuata, kaseti tupu zilituishia. Baba alisimama mbele ya kabati akajikuna kidevu.

"Mwaitu," aliniambia. Aliniita hivyo, yaani mama, kwa sababu nina jina la mama yake, Kaluki. "Hebu tazama. Nyimbo ni zile zile, zimerudiwa mara nne, mara saba. Ya nini? Tutachagua palipoimbwa vizuri zaidi, tuhamishie kwenye kaseti ya tatu. Kwingine kote tutafuta, turekodi mahubiri na nyimbo mpya. Wewe utaandika daftarini: wimbo huu, tazama kaseti ya tatu."

Ilituchukua muhula mzima. Nyimbo kumi na tisa zikahamia kwenye kaseti ya tatu, na wa mwisho ulikuwa ule aliotunga mama mwenyewe akiwa mgonjwa, wenye beti tatu. Wimbo huo ulikuwa umerekodiwa mara saba. Mara sita niliufuta mimi, kwa kidole changu hiki, na sikuona ubaya wowote. Si ulibaki mmoja mzuri?

Baba aliifungia kaseti hiyo kwenye droo ya chini, droo pekee iliyokuwa na kufuli.

"Hii sasa imebeba zote," alisema. "Ikiharibika, hata daftari halitatusaidia. Lazima tutoe nakala, ikae mbali, kwa shangazi yako Syokau kule Mbumbuni."

Kazi ya kunakili alinipa mimi, kwa kuwa yeye alikuwa anakwenda Emali kutafuta vitambaa kwa siku tatu. Redio kubwa ya kanisa, iliyotumia betri ya gari, ingecheza. Redio yetu ndogo ingerekodi. Aliniachia ufunguo wa droo na mawe manne mapya, yaani betri za redio hiyo, bado yamefungwa kwenye karatasi.

"Ukimaliza, isikilize mwanzo mpaka mwisho," alisema. "Usiniambie ni sawa kabla hujaisikiliza."

Alipoondoka tu, rafiki yangu Muthoki akaja. "Kaluki, si hayo ni mawe mapya? Weka tusikize salamu za wasikilizaji kidogo."

"Ni ya kazi ya kwaya."

"Kwani salamu zitayamaliza? Nusu saa tu, jamani!"

Ile nusu saa ikawa siku mbili. Tulisikiliza salamu, tukasikiliza muziki, tukacheza uani mpaka redio ikaanza kuvuta maneno. Niliogopa kidogo, lakini si sana. Nilifanya walivyofanya watu wote wa kwetu: niliyaanika mawe juani, juu ya bati la banda la kuku. Saa sita redio ikazungumza tena. Nikabeba redio zote mbili hadi mezani kwetu nyumbani, zikatazamana, moja ikicheza na nyingine ikirekodi. Nilipomaliza nilirudisha kanda kwa kalamu, nikayaanika mawe tena kidogo, nikasikiliza maneno machache ya mwanzo kwa redio ile ile ndogo. Yalisikika sawa. Kuisikiliza yote kungenichukua saa moja na nusu, na Muthoki alikuwa nje na kamba ya kuruka.

Baba aliporudi aliuliza, "Umeisikiliza?"

"Ndiyo, baba."

"Yote?"

"Yote."

Hakuniuliza mara ya tatu. Aliamini, akaipeleka Mbumbuni mwenyewe.

Mwezi wa Novemba ikaja ile mvua ambayo watu wa Makueni hawajaisahau. Ilinyesha juma zima bila kupumua. Siku ya nane ukuta wa stoo ulilainika ukaanguka juu ya kabati. Kaseti za rafu ya juu tuliziokota zikiwa zimelowa tu, tukazikausha. Droo ya chini ilikuwa imejaa matope mpaka kwenye kufuli. Kaseti ya tatu ilikuwa imepasuka, kanda yake imesokotana na udongo.

Daftari lilikuwa salama, maana baba alilala nalo nyumbani. Lakini kila tulipofungua tulisoma: tazama kaseti ya tatu, tazama kaseti ya tatu. Tutazame wapi? Wanakwaya walisimama kwenye matope wakilia kama siku ya mazishi. Baba peke yake hakulia.

"Tulieni," aliwaambia. "Nakala iko Mbumbuni. Mwanangu aliisikiliza mwanzo mpaka mwisho."

Wote walinitazama kwa shukrani. Nilitamani ardhi inimeze.

Barabara ilipopitika, mwezi wa Januari, tulikwenda Mbumbuni. Shangazi Syokau aliitoa kaseti sandukuni, imefungwa kwa leso. Baba akaweka mawe mapya redioni, akabonyeza. Kilichotoka hakikuwa mama. Kilikuwa kitu kama vifaranga wanaopigania punje, kikikimbia, kikilia kwa sauti nyembamba. Watoto wa shangazi wakaangua kicheko. Shangazi akawafukuza nje. Baba alizima redio, akakaa na mikono juu ya magoti, na machozi yakamtoka bila sauti. Angenipiga ingekuwa nafuu.

Tulipita Emali kwa Irungu, fundi wa redio aliyekuwa na kibanda karibu na stesheni. Alitokea Murang'a zamani, na watu walimsifu kwa mikono yake. Aliisikiliza kanda, akaitoa, akaikagua kwenye mwanga.

"Mzee, mawe yalikuwa mapya wakati wa kurekodi?"

"Mapya kabisa," baba alijibu. "Nilinunua mwenyewe."

"Basi kanda imekufa. Sitaki kukudanganya. Kama mawe yalikuwa mazima, hapa hakuna kitu cha kufanya. Itupe tu."

Baba aliipokea kaseti. Aliishika kwa muda, akaigeuza, halafu akatazama pipa la taka lililokuwa mlangoni. Nilimwona akinyoosha mkono.

"Hayakuwa mapya," nilisema.

Wote wawili wakageuka.

"Niliyamaliza na salamu, baba. Nikayaanika juani. Na sikuisikiliza. Nilikudanganya."

Irungu ndiye aliyezungumza kwanza, na akazungumza haraka.

"Ngoja, ngoja! Lete hiyo kaseti. Mawe yakichoka, mota inavuta kanda polepole. Sasa tukiicheza kwa nguvu za kawaida inakimbia. Kumbe haijafa!"

Alifungua redio moja kuukuu, akaingiza bisibisi nyembamba kwenye skrubu iliyokuwa nyuma ya mota, akaizungusha kidogo kidogo. Wale vifaranga wakapunguza mwendo. Sauti ikashuka, ikashuka tena, ikawa ya mwanamke. Ikawa ya mama. Nyuma yake kuku wetu walikuwa wanalia uani.

Baba alikalia kreti ya soda, akavua kofia, akalia mbele ya watu asiowajua.

Kila wimbo ulihitaji kuzungushiwa skrubu upya, kwa kuwa mawe yalizidi kuchoka, na Irungu aliufuata kila mmoja bila kulalamika. Nyimbo kumi na nane zikapita. Ukaja ule wa mama. Ubeti wa kwanza ulikuwa mzima. Katikati ya ubeti wa pili sauti ilianza kupanda, nyembamba, nyembamba zaidi, hadi skrubu ikafika mwisho wake. Kisha ikakatika.

"Na wa tatu?" baba aliuliza.

"Haupo, mzee. Redio ilizima hapo."

Maneno ya ubeti ule wanakwaya wanayakumbuka. Lakini sauti ya mama akiuimba haipo popote. Mara sita nilirekodi mahubiri juu yake, na ya saba ililiwa na matope.

Irungu alitutengenezea nakala mbili zenye mwendo sawa, na baba akaniketisha mbele ya redio nizisikilize zote, moja baada ya nyingine. Nilisikiliza mpaka jua likaelekea magharibi.

Tulipokuwa tumeketi kwenye benchi tukingoja gari la kwetu, baba alizungumza.

"Mimi pia nilikosa, Kaluki. Sikupaswa kufuta chochote kabla ya kuhakikisha kwamba nakala ni nzima. Nimelijua hilo, na kosa hilo nitalibeba mwenyewe. Lakini sikiliza. Ungeniambia siku ile niliporudi kutoka Emali, ningenunua mawe mengine na kazi ingerudiwa kesho yake. Tungekuwa na beti zote tatu. Na kama ungenyamaza leo, ningeitupa kanda hii kwenye pipa, tukose hata wimbo mmoja. Ukweli wako umetuokolea nyimbo kumi na nane. Uongo wako umekula wimbo wa mama yako. Yote mawili ni yako."

"Utanisamehe, baba?"

"Nimekusamehe ulipofungua mdomo kule kibandani." Akapangusa uso kwa kofia. "Ila kusamehewa hakurudishi ubeti. Ndiyo maana mtu husema ukweli mapema, mwaitu, wakati bado kuna kitu cha kuokoa."

Nililia njia nzima. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kwaya, nikawaeleza yote, na kaseti ilipocheza wimbo wa mama waliimba pamoja naye; sauti yake ilipokatika, waliumalizia hadi ubeti wa tatu peke yao.