Baba Aliyejibu Kabla ya Mwanawe

Ndugu zangu wazazi wa Mpemba, Chapwa na vijiji vyote vya mpakani, sogeeni mnisikilize. Habari hii inatuhusu sisi tunaowapenda watoto wetu mpaka tukawadhuru.

Mwaka wa hamsini na mbili, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani, nyumba ya Osea pale Mpemba ilikuwa nyumba ya raha. Kila jioni mkewe Nesta alikuwa akiinjika maharage, na binti yao Felista akikaa kwenye kigoda karibu na moto, kitabu mapajani. Felista alikuwa anamaliza darasa la nne. Shule ya bweni ya wasichana ya misheni, upande wa Mbozi, ilikuwa ikichukua wachache kuingia darasa la tano, na aliyekosa nafasi hapo alirudi shambani kungoja kuposwa. Felista aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Osea aliitaka kuliko Felista, na hapo ndipo raha ilipoanza kuharibika.

Mjue kwanza Osea ni nani. Alikuwa kiongozi wa nyimbo kanisani. Vitabu vya nyimbo vilikuwa vichache, na wanaojua kusoma wachache zaidi, basi kazi yake ilikuwa kutanguliza mstari: anautamka kwa sauti, watu wanaudaka na kuuimba, na kabla haujaisha ameshawapa mwingine. Hakuwahi kuliacha kanisa likae kimya hata kwa pumzi moja. Kazi njema hiyo, nami simbezi. Shida ni kwamba alirudi nayo nyumbani.

"Ziwa gani la Afrika lina kina kirefu kuliko yote?" angeuliza.

Felista angeinua macho. "Ziwa..."

"Tanganyika," Osea angedakia. "Na mlima mrefu? Kilima..."

"Kilimanjaro, Baba."

"Umesikia, Mama Felista? Mtoto anajua yote."

Nesta angefunika chungu. Felista naye alilala akiamini kwamba anajua, maana kila jibu lilipotamkwa alilitambua. Lakini ndugu zangu, kulitambua jibu ukiambiwa ni kitu kimoja, na kulitoa mwenyewe kichwani ni kitu kingine kabisa.

Siku ya mtihani wa mdomo, baba na binti walipanda lori la mahindi mpaka Mbozi. Wazazi waliketi barazani, dirisha la darasa likiwa wazi nyuma yao. Ndani, Mwalimu Fides, mwanamke mrefu asiye na haraka, alimwita Felista.

"Ni mbu gani anayeleta malaria?"

Kimya. Barazani, Osea alilisogelea dirisha. Jibu alikuwa nalo, limemjaa kinywani. Alijikuna goti, akakohoa, akatazama paa, na mwisho likamtoka, kwa sauti ileile iliyozoea kufika benchi la nyuma la kanisa: "Anofelesi."

"Anofelesi," alisema Felista.

"Jike au dume?"

Safari hii Felista hakumtazama hata mwalimu. Aligeuza shingo akatazama dirishani.

"Jike," alisema Osea.

Watu barazani waliangua kicheko. Mwalimu Fides alikuja mpaka dirishani. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mwalimu."

"Wewe umefaulu vizuri sana. Ungekuwa msichana ningekupa kitanda leo hii. Ila mwanao bado sijamsikia."

Osea aliona aibu iliyomshuka mpaka miguuni. Aliomba radhi, akaomba tena, mpaka mwalimu akalegea. Alisema kitanda kimoja angekishikilia, mtoto arudi kabla shule haijafunguliwa. "Lakini nikuambie, Baba. Kukumbuka ni kutafuta. Mtoto akikwama kisha akapata mwenyewe, neno linakaa. Ukimpa kabla hajatafuta, unamwibia kazi yake."

Osea aliitikia, ila hakuelewa. Alipofika nyumbani alimpigisha maswali maradufu, na mambo yakazidi kuharibika. Felista alianza kukwama hata kwa majibu aliyoyajua tangu darasa la pili. Jioni moja alifunika kitabu machozi yakimlengalenga. "Baba, ukinitazama tu, neno linakimbia."

Nyumba ikapoa.

Katikati ya huzuni hiyo ulikuja ujumbe wa harusi ya ukoo, na Felista akatumwa peke yake kwa shangazi yake Tabita, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Nakonde. Alipewa maneno mengi kwa mdomo: siku ya harusi, nani aje na nani, nani alete ulezi wa togwa, mbuzi yupi achinjwe na yupi asiguswe. Aliporudi alimweleza baba yake majibu yote, la kila mtu na mahali pake, mpaka salamu za mzee mmoja aliyeulizia mguu wa Nesta.

Osea alibaki ameduwaa. "Nani alikuwa anakukumbusha?"

"Hakuna, Baba. Nikipotewa na neno nasimama njiani mpaka lirudi."

Nesta aliweka mwiko chini. "Njiani hukuwepo, Baba Felista."

Basi hapo ndipo maneno ya Mwalimu Fides yalipomwingia, na Osea aliruka kutoka kwenye kigoda kwa furaha kama aliyempata ng'ombe wake aliyepotea. Mambo yakageuka nyumbani humo. Felista alisoma kidogo, akafunika kitabu, akaeleza alichosoma kwa maneno yake, tena kwa mama yake asiyejua kusoma, ambaye hakukubali kitu mpaka akielewe. Osea aliuliza maswali kwa kuyachanganya, la leo, la juzi, la mwezi uliopita, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja. Usiku kitabu kilifungwa mapema na mtoto akalala. Kukosea kulikuwepo, na kucheka pia kulirudi. Nesta mwenyewe alianza kuwaeleza majirani kisimani habari za mbu jike.

Siku ya pili ya mtihani ilifika. Osea aliketi baraza ileile, dirisha lilelile.

"Felista," alisema Mwalimu Fides, "nieleze maji ya ziwani yanavyogeuka kuwa mvua."

Felista alifungua mdomo, akaufunga. Kimya kikaanza kurefuka. Osea alijua. Mvuke! Neno lilikuwa linampiga meno kwa ndani. Alivua kofia yake akaing'ata ukingo, jasho likimtiririka.

"Mzee, jino linakuuma?" aliuliza mama mmoja pembeni.

Osea alitikisa kichwa kukubali.

Ndani, Felista hakugeukia dirisha. Alitazama sakafu, akarudi moyoni mpaka jikoni kwao, mama yake akiinua kifuniko na kuuliza maji haya yanayodondoka yametoka wapi, wakati chungu kilikuwa kimefunikwa.

"Jua hupasha maji moto," alianza polepole, "yakawa mvuke, ukapanda. Juu kuna baridi, kama kifuniko cha chungu. Ukipoa unarudi kuwa maji, na yakizidi yanaanguka." Kisha maneno yalikuja yenyewe, na kila alichoulizwa alikitafuta, akakipata.

Mwalimu Fides alisogea dirishani. "Baba, leo hukusema."

Osea alitoa kofia mdomoni. Ukingo ulikuwa umetoboka.

"Kitanda chake kipo," alisema mwalimu, na Osea akalia mbele za watu bila haya.

Jumapili iliyofuata alitanguliza mstari wa kwanza wa wimbo, kisha akanyamaza. Kanisa lilitazamana. Ikapita pumzi moja, ikapita nyingine, ndipo sauti ya Nesta ikaushika mstari wa pili, na benchi baada ya benchi wakamfuata mpaka mwisho. Kumbe waliujua wote.

FUNZO

Wazazi wenzangu, kichwa cha mtoto hakijazwi kwa kumiminiwa. Afunike kitabu ajiulize, aeleze kwa maneno yake, aunganishe jambo jipya na analoliona kila siku, alirudie baada ya siku kupita, alale vya kutosha. Akikwama, mpeni muda. Kile kimya kinachotuuma sisi ndimo mtoto anamotafuta, na tukikivunja, tunampotezea njia aliyokuwa karibu kuiona.