Eda Iliyopungua Siku Moja

Ilikuwa siku ya Alhamisi, tarehe kumi na nne Oktoba, mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na nne, sawa na mwezi kumi na sita wa Mfungo Tano, saa kumi na moja u nusu za jioni. Waliosema ni usiku wa Ijumaa wamekosea, kwani siku hubadilika kwa kuchwa jua, na jua lilikuwa halijachwa. Saa hiyo Mwanamkisi alipanda ngazi za nyumba yake mpya mjini Amu, ndoo ya chokaa mkononi na brashi ya makumbi kwapani, kwenda kusafisha chumba cha mwisho.

Nyumba yake ni namna ya kusema. Yeye na mumewe Mselem, wenyeji wa Kizingitini, kisiwani Pate, walikuwa wamenunua orofa ya juu tu. Chini alibaki mwenye kuwauzia, Bi Mwanatumu, mama wa ukoo mkongwe ambaye kila alipotaja watu wa Pate alivuta midomo kama aliyeonja ndimu. Miaka saba Mselem alizamia kamba baharini na Mwanamkisi alisuka mikeka, mpaka wakaipata orofa ile. Walipokwisha kuipata hawakubakiwa na cha kumlipa fundi.

Basi walifanya wenyewe. Lipu ya kale iliyobambuka waliiponda, wakaichekecha na kuichanganya na chokaa kidogo, ikatosha kuziba nyufa. Sakafu waliisugua kwa mchanga. Katika zidaka, yale matundu ya lipu yaliyopangana ukutani, Mwanamkisi aliweka sahani zilizomeguka, akazigeuza upande mzima uelekee mlangoni. Mapazia aliyashona kwa marekani, kitambaa kile kizito cha pamba.

Bi Mwanatumu alikuja kutazama. Akashika pazia kwa vidole viwili.

"Na hili ni pazia au ni tanga?"

"Ni pazia, Bi."

"Haya. Kila mtu hupamba kwa alivyovizoea."

Kilichokuwa kimesalia ni nyumba kati. Katika majumba ya mawe ya Amu, hicho ndicho chumba cha nyuma kabisa, kisicho na dirisha. Humo mzazi hujifungulia, humo maiti huoshwa, na humo mjane hukaa eda yake, miezi minne ya mwandamo na siku kumi, bila kuonekana na mwanamume asiye maharimu yake.

Mwanamkisi aliwasha kandili, akaanza kusugua. Masizi yalitoka, yakatiririka meusi hadi sakafuni. Chini yake ikatokea mistari.

Mistari ya makaa, mifupi, imesimama wima, kumi kumi. Aliitambua mara moja, kwa kuwa mamake naye, alipofiwa, alihesabu siku zake vivyo hivyo. Aliihesabu kwa kidole. Mia na ishirini na saba. Mamake alikuwa amefikisha mia na ishirini na nane.

"Maskini," alisema. "Ulibakisha mmoja."

Mselem alichungulia kutoka mlangoni.

"Wazungumza na nani?"

"Na ukuta. Kuna mjane aliandika siku zake hapa. Hakumaliza."

"Paka, mke wangu. Chokaa yenyewe imebaki nusu ndoo, na ukuta hausomi."

Alicheka, naye akacheka. Akatumbukiza brashi, akapaka. Adhana ya magharibi ilipolia, ukuta ulikuwa mweupe.

Siku ya tatu, mlango ulianza kujifunga.

Ilikuwa hivi. Kila Mselem arudipo, husimama chini ya ngazi, akakohoa na kupiga hodi, kwa adabu, kwani huenda mkewe ana wageni wa kike. Siku ile alikohoa. Na huko nyuma, katika nyumba kati, Mwanamkisi akasikia nyayo nyepesi… kisha mlango ukarudishwa. Polepole. Kama unaorudishwa na mtu asiyetaka kusikiwa.

Alikwenda, akausukuma. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya kafuri, ile itiwayo maiti.

Kesho yake ikawa vile vile. Na keshokutwa. Mselem hakusikia kitu. Alipoambiwa, alisema ni upepo, ingawa chumba kisicho na dirisha hakina upepo.

Mwanamkisi aliufahamu mwendo ule. Ndivyo afanyavyo mwenye eda akisikia sauti ya mwanamume: huinuka, hujisitiri, hurudisha mlango. Siku ya tano alisimama kizingitini, akanong'ona:

"Bi… upo?"

Ndani kulikuwa na mtu aliyezuia pumzi.

Aliteremka kwa Bi Mwanatumu, akamkuta akichambua mchele.

"Bi, nani alikaa eda huko juu?"

"Wengi. Nyumba ina miaka mia mbili."

"Yule aliyeandika ukutani."

Mkono wa Bi Mwanatumu ulisita juu ya ungo. "Mliupaka ukuta ule?"

"Ndiyo, Bi."

"Wote?"

"Wote."

Bi Mwanatumu akatoa kijiwe katika mchele, akakitazama, akakitupa. "Umefanya vyema," alisema. Tangu siku ile hakuyataja tena mapazia.

Ijumaa, tarehe ishirini na mbili, Mselem alirudi baada ya sala ya alasiri. Akakohoa chini ya ngazi. Mwanamkisi, jikoni, alitulia kuusikiliza mlango.

Mlango haukufungwa.

Mselem akapanda. Akavua viatu, akaketi mkekani, akataka chakula. Mlango wa nyumba kati ulikuwa wazi nyuma ya kisogo chake. Mwanamkisi alifurahi kidogo, akidhani mambo yamekwisha. Akapakua wali. Akaweka samaki. Ndipo akili ikamwambia.

Mwenye eda hujisitiri na kila mwanamume wa kando.

Ambaye hajisitiri naye ni mumewe.

Na mume wa mwenye eda ni maiti.

Huko nyuma kitu kilikwaruza ukuta. Kwaruu… Mara moja tu, kutoka juu kuja chini.

Aliingia na kandili. Juu ya chokaa nyeupe palikuwa na mstari mmoja wa makaa, mbichi, unga wake bado unapukutika. Alivua mtandio, akautia mate, akaufuta. Ulifutika, na papo hapo ukarudi. Akaufuta tena, mpaka vidole vikachubuka.

"Mselem. Inuka twende."

"Twende wapi? Sijamaliza kula."

"Mtaa wa Wiyoni, kwa dada yangu Tima. Leo. Sasa hivi."

Mselem alimtazama uso, akanawa mikono. Miaka saba ya ndoa ilimfundisha lini mkewe si mtu wa kubishiwa.

Bi Mwanatumu alikuwa ameketi dakani, kwenye lango la nyumba.

"Mwashika ndia saa hizi?"

"Tunalala kwa dada yangu, Bi," alijibu Mwanamkisi.

"Mtarudi," alisema. Wala hakuwa akiuliza.

Huko Wiyoni Mselem alikula tena, akataniana na Tima kuhusu mchuzi wake, akalala mzima. Mwanamkisi aliushika mkono wake usiku kucha. Karibu na alfajiri usingizi ulimwiba, kidogo tu. Alipozinduka, mkono aliokuwa ameushika ulikuwa baridi. Na nywele za Mselem, kabla hajaoshwa na mtu yeyote, zilikuwa zikinuka kafuri.

Mwanamkisi alitaka mumewe azikwe kutoka pale pale. Wazee walikataa; mwenye nyumba yake, walisema, jeneza lake halitoki katika nyumba ya watu. Wakamrudisha, wakamwosha katika nyumba kati, juu ya sakafu aliyoisugua mwenyewe kwa mchanga. Kisha wakamwambia mjane kwamba eda hukaliwa katika nyumba ya mume.

"Ninaogopa," alisema nyuma ya pazia. "Mwenye hofu hana ruhusa ya kuhama?"

"Hofu ya nini?" aliuliza Mzee Muhdhar, aliyekuwa akiulizwa mambo ya sheria.

"Ya mstari ulio ukutani."

Mzee Muhdhar akasema kwa upole kwamba sheria inaijua hofu ya mwizi, ya moto na ya nyumba kuanguka. Hofu ya mstari haikuandikwa.

Bi Mwanatumu ndiye aliyempandishia uji siku ya kwanza. Ukutani palikuwa na mistari miwili.

"Aliyeandika ni shangazi yangu, jina lake Nana," alisema, bila kuulizwa. "Alikufa eda ikiwa imesalia siku moya. Miaka yote alikuwa ametulia na hesabu yake. Wewe ukamfutia. Sasa ameanza upya, na mtu haanzi eda pasi na maiti."

"Ulijua, Bi."

"Nilijua haufai kupakwa."

"Mbona hukutwambia?"

Bi Mwanatumu alikoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. "Orofa hii ni fungu la binti yangu Radhiya. Akiolewa, humu ndimo atakamoingia. Na bibi arusi haingii nyumba yenye masizi. Ukuta ule ilikuwa lazima uoshwe na mtu." Akamsogezea bakuli. "Kunywa, mwanangu, usipoe. Na siku utakayotaka kuuza, usihangaike na madalali. Njoo kwangu."

Mwanamkisi aliandika siku zake kwenye ukuta wa pili, mkabala. Wajane wawili, chumba kimoja, kila mmoja na upande wake. Nyakati za alasiri alikisikia kile kikwaruzo, karibu naye kiasi cha kunyoosha mkono. Hakuunyoosha. Mwenzake alikuwa mbele kwa mstari mmoja daima, kwa kuwa aliuandika wa kwanza ilhali Mselem bado anakula.

Siku mwenzake alipotimiza mia na ishirini na nane, ilikuwa baada ya alasiri. Kikwaruzo kilikoma. Ikaja harufu ya udi, ya mwanamke aliyekoga na kujifukiza. Nyayo zikapita, bila kujificha na mtu. Zikashuka ngazi.

Mwaka haukwisha, orofa ikarudi kwa Bi Mwanatumu. Radhiya anakaa humo na mumewe na wanawe, na mapazia ya marekani bado yamo.

Wako wanaosema Mselem alikufa Jumatano ya mwisho ya Mfungo Tano, siku ya nuhusi na mkosi. Si kweli; alikufa Jumamosi, siku nne kabla yake. Wako wanaosema alikufa kwa vumbi la chokaa, na juma zima hakuwa ameigusa. Na wako wengi, Bi Mwanatumu akiwa wa mbele yao, wanaosema kwamba Mwanamkisi aliikata eda siku moja kabla ya kutimia, na kwamba watu wa barazani walimwona akishuka ngazi amejifukiza, akapita bila kutoa salamu; ndiyo sababu hakuna aliyemposa tena, Amu wala Kizingitini. Waliona mwanamke akishuka, hilo ni kweli. Hakuwa yeye. Saa ile Mwanamkisi alikuwa juu, ameuelekea ukuta wake, na siku yake moja iliyobaki aliikaa yote.